Maganda Ndiyo Ushahidi: Mwongozo wa Kupima Unyevu wa Kuveze Mjini Kindu

Ukitaka kumjua mwanguaji hodari, usimuulize ameangua vifaranga wangapi. Idadi hudanganya, kwa kuwa jogoo mzuri na wiki moja ya bahati humpa mtu yeyote vifaranga wa kujivunia. Mwombe akuonyeshe maganda kabla hajayatupa. Ganda la yai lililoanguliwa vizuri limekatwa duara safi kuelekea upande wa butu, karibu na pale yai linapokuwa nene zaidi, na kofia yake imeng'oka nzima au inaning'inia kwa upande mmoja. Ndani, utando ni mkavu na mweupe, umebaki na nyuzi nyembamba za mishipa iliyokwisha kunywea. Hakuna ute ulioganda, hakuna damu mbichi, hakuna manyoya yaliyonata. Mwenye ganda la namna hiyo aliondoa maji ndani ya yai kwa kiasi kilichotakiwa na kwa wakati uliotakiwa, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika kuangua kwa mashine.

Kazi zenyewe ni nne: joto, unyevu, hewa na kugeuza mayai. Joto linasomwa kwenye kipimajoto na halina mjadala mkubwa. Kwa kuveze, yaani mashine ya kuangulia, yenye feni ni nyuzijoto 37.5 hadi 37.8. Kwa sanduku lisilo na feni, ambamo hewa ya juu ina moto kuliko ya chini, ni kama 38.5 ukipima usawa wa mgongo wa mayai. Kugeuza ni kazi ya mikono na ya kutokusahau: mara tatu au tano kwa siku, mpaka siku ya 18. Hewa ni matundu na kutoyaziba. Unyevu ndio unaohitaji akili, kwa sababu kiasi kinachofaa hakisomwi kwenye mashine peke yake. Kinasomwa kwenye yai. Hapo ndipo waanguaji wengi wa Kindu wanapopotea, na wanapotea kwa bidii, wakiamini kwamba maji mengi ni huruma kwa kifaranga.

Ganda la yai la kuku lina vitundu kama 10,000 visivyoonekana kwa macho. Tangu siku yai linapotagwa, mvuke wa maji hutoka humo polepole. Kutoka huko ni sehemu ya mpango wa yai lenyewe. Kiinitete hujijenga kwa kuchoma mafuta ya kiini, na mafuta yakichomwa huzaa maji mapya. Maji hayo yasipopata njia hubaki ndani na kumzonga kifaranga. Nafasi inayoachwa na maji hujazwa na hewa upande wa butu, na nafasi hiyo ndiyo chumba cha hewa. Karibu siku ya 19 au 20 kifaranga hutoboa utando kwa mdomo, huingiza pua katika chumba hicho na kuvuta pumzi yake ya kwanza kabla hata hajaligusa ganda. Chumba kikiwa kidogo kupita kiasi, anavuta maji. Kikiwa kikubwa kupita kiasi, utando umekauka, umemkaza, naye hawezi kujizungusha ili akate ganda.

Katika miaka ya 1970 Hermann Rahn wa chuo kikuu cha Buffalo nchini Marekani na wenzake, akiwemo Amos Ar, walipima mayai ya ndege wa aina nyingi sana, wadogo kwa wakubwa, wa pwani na wa nchi kavu. Wakakuta kwamba ndege hao, pamoja na tofauti zao zote, hupoteza karibu asilimia 15 ya uzito wa yai kwa njia ya mvuke hadi kifaranga anapoanza kutoboa. Kwa yai la kuku, kipimo cha kushika ni asilimia 11 hadi 13 kufikia siku ya 18. Mimi hulenga 12. Namba hiyo ndiyo mzizi wa kazi yote. Maji unayomwaga kwenye sahani, matundu unayofungua, feni unayowasha, vyote hivyo ni njia tu za kuifikia.

Sasa tuje kwenye hewa ya Kindu, maana kuna jambo ambalo karatasi zinazokuja na mashine hazimwambii mnunuzi.

Karatasi nyingi za kuveze huamuru maji yajazwe tangu siku ya kwanza. Zimeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, na kwa nchi hizo ni sahihi. Chukua hewa ya majira ya baridi ya Ulaya, nyuzi 5, yenye unyevu wa asilimia 80. Iingize ndani ya mashine, ipashe moto mpaka nyuzi 37.7 bila kuongeza tone la maji. Unyevu wake utashuka hadi kama asilimia 11, kwa kuwa hewa ya moto ina uwezo wa kubeba mvuke mwingi zaidi, nao mvuke uliomo ni ule ule mchache. Huko kweli mayai yatakauka. Chukua sasa hewa ya Kindu, nyuzi 28, asilimia 80, siku ya kawaida ya mvua ambayo shati haikauki kambani. Ipashe moto hivyo hivyo. Inatua kama asilimia 46. Na kiasi kinachotakiwa kwa siku 18 za mwanzo ni asilimia 45 hadi 55! Hewa yetu inaingia ndani ya kuveze ikiwa tayari karibu na kipimo, kabla hujagusa birika. Ongeza na mvuke unaotolewa na mayai yenyewe: yai la gramu 45 hutoa kama gramu 0.3 kwa siku, hivyo mayai 50 yatatoa gramu 15 kila siku ndani ya sanduku dogo. Anayejaza sahani mbili za maji siku ya kwanza mjini Kindu, bondeni kando ya mto Lualaba, anafikisha asilimia 65 au 70 bila kujua, na siku ya 21 atalia.

Ndiyo maana ushauri wa jamaa aliye Bukavu, ambaye anaangua vizuri kabisa kwake, waweza kukuharibia kazi. Bukavu iko juu milimani, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko yenye nyuzi 18 na asilimia 75, ikipashwa moto, inatua kama asilimia 24. Yeye anahitaji maji tangu mwanzo. Wewe wa Kindu, uwe Kasuku, Mikelenge au Alunguli, unahitaji sahani ndogo tu, na wiki nyingine huhitaji chochote. Kiangazi, kati ya Juni na Agosti, hewa ya mchana hupungua mvuke kidogo na sahani hiyo ndogo hurudi kazini. Jambo hili nalitilia mkazo kuliko lolote jingine katika mwongozo huu: hapa kwetu, kwa siku 18 za kwanza, adui anayeonekana mara nyingi zaidi ni maji kuzidi.

Anayetaka kuamua kama sahani iwemo au isiwemo aanze kwa kukijaribu kipimaunyevu chake. Vile vidogo vya kielektroniki vinavyouzwa kwa bei ya chini hukosea kwa asilimia tano, hata kumi, na kosa hilo linatosha kumaliza trei nzima. Kipimo cha kukisahihisha hakigharimu kitu. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, dondosha maji kidogo mpaka chumvi ilowe yote lakini isiyeyuke, kisha kifungie kifuniko hicho pamoja na kipimaunyevu ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Viache usiku mzima mahali pasipo na jua. Hewa iliyofungiwa na chumvi iliyolowa hutulia kwenye asilimia 75, na hubadilika kidogo sana hata joto likipanda au kushuka. Kifaa kikisoma 82, ujue kinazidisha saba; kiandike hivyo kwa kalamu mgongoni mwake.

Wasio na kifaa cha umeme wana njia ya zamani ambayo bado naipenda. Chukua kipimajoto cha kioo, valisha ncha yake kipande cha utambi wa pamba au kamba ya kiatu iliyofuliwa, na mkia wa utambi uzame kwenye kikombe kidogo cha maji yaliyochemshwa. Kiweke mbele ya feni. Maji yakikauka kwenye utambi hupoza ncha, na kadiri hewa ilivyo kavu ndivyo inavyopoa zaidi. Kama kipimajoto kikavu kinasoma 37.7, basi kile chenye utambi kikisoma 28.5 unyevu ni asilimia 50, kikisoma 29.6 ni 55, na kikisoma 32.6 ni 70. Utambi ukiwa mchafu au mgumu kwa chokaa, namba zitakudanganya, kwa hiyo ubadilishwe kila mzunguko. Njia hii haifai kwenye sanduku lisilo na feni. Hewa iliyotulia hainyonyi maji ya utambi ipasavyo.

Waanguaji wa Misri, ambao kwa karne nyingi waliangua maelfu ya mayai katika tanuru za udongo, hawakuwa na chochote kati ya hivi. Walilishika yai na kuligusisha kwenye kope ya jicho ili kujua joto lake. Ustadi huo ulirithishwa ndani ya familia, na Mfaransa Réaumur, mtu wa vipimo hasa, aliandika juu ya tanuru hizo mwaka 1749 kwa heshima kubwa. Nawataja kwa sababu walijua jambo ambalo mwenye mashine ya kisasa husahau, kwamba mwisho wa yote kinachopimwa ni yai.

Na yai hupimwa kwa mizani. Mkoa wetu wa Maniema ni wa dhahabu, na mizani ndogo za kielektroniki kama zile za wanunuzi wa dhahabu, zinazosoma sehemu ya gramu, hazitafutwi mbali. Mizani ya namna hiyo ikiwa nyumbani kwa mwanguaji, naanza kumwamini. Zile za jikoni zinazosoma gramu moja moja nazo zinatosha, ilimradi upime trei yote pamoja na si yai moja. Mayai ya kuku wetu wa kienyeji ni madogo, gramu 40 hadi 45 hivi. Tuseme una mayai 20 yenye gramu 900 kwa jumla, bila trei. Asilimia 12 ya hapo ni gramu 108, kwa hiyo siku ya 18 trei inatakiwa isome karibu gramu 792. Siku ya 6 inatakiwa iwe imepungua theluthi moja ya hizo, gramu 36, isome 864. Ikisoma 880, maji hayatoki: toa sahani, fungua tundu zaidi. Ikisoma 850, yanatoka mbio: rudisha sahani, au iongeze upana. Mayai viza yakiondolewa katikati ya safari, uzito wake wa mwanzo uondolewe pia kwenye hesabu, la sivyo utajidanganya. Ndiyo sababu mwangalifu huandika uzito wa kila yai juu ya ganda kwa penseli. Wino wa kalamu haufai, ganda linapitisha.

Nimesema upana wa sahani, na nimekusudia. Watu huongeza kina cha maji wakidhani unyevu utapanda. Maji hupaa kutoka usoni mwake tu. Sahani iliyojaa hutoa mvuke karibu sawa na sahani hiyo hiyo ikiwa na maji ya kidole kimoja. Ukitaka unyevu upande, tafuta sahani pana zaidi, au simamisha kitambaa safi ndani ya maji kiwe utambi. Ukitaka ushuke, funika nusu ya sahani. Kuziba matundu ya hewa ili kuongeza unyevu ni kosa lisilosameheka, hasa wiki ya mwisho, kwa maana viinitete vilivyokua vinavuta hewa kama kuku wadogo walivyo.

Asiye na mizani atumie mwanga. Gizani, shikilia tochi kali ya simu chini ya upande wa butu wa yai, zungushia mkono ili mwanga usimwagike nje. Chumba cha hewa huonekana kama kofia angavu juu ya giza. Chora mpaka wake kwa penseli siku ya 7, ya 14 na ya 18. Siku ya 7 ni kofia ndogo tu. Siku ya 14 imeshuka waziwazi. Siku ya 18 inashika kati ya robo na theluthi ya yai, na mara nyingi mpaka wake umeinama, upande mmoja chini kuliko mwingine. Mwenye jicho lililozoea hatafuti yai moja zuri. Anamulika sita au saba kutoka pembe mbalimbali za trei na kuona kama mistari inafuatana. Mistari ikitofautiana sana kati ya yai na yai, tatizo laweza kuwa maganda yenyewe, kwa kuwa kuku asiyepata chokaa ya kutosha hutaga ganda jembamba linalovuja maji haraka. Hapo hakuna sahani ya kukuokoa. Mpe mtetea maganda yaliyosagwa au mifupa iliyochomwa na kupondwa, usubiri mayai mengine.

Uchaguzi wa mayai nao una uzito. Kindu hatuna chumba cha nyuzi 16 cha kuhifadhia mayai. Ndani ya nyumba zetu za nyuzi 26 au 28 kiinitete huanza kukua taratibu bila nguvu ya kutosha, kisha hufa. Nikiuliza mayai yana siku ngapi na mtu akanijibu kumi, siyanunui. Siku nne au tano ndiyo mwisho wangu. Yaliyosafiri kwa pikipiki kutoka Kalima au Kibombo yapumzishwe siku nzima, ncha chini, kabla ya kuingia mashinani, kwani mtikisiko hulegeza chumba cha hewa na ukimulika utaona kinacheza kama povu. Na yai lililotolewa kwenye friji likatoka jasho juu ya ganda halifai kabisa: maji hayo hufungua njia kwa vijidudu kuingia vitunduni.

Kisha inafika siku ya 18, na kila nilichosema kinageuka. Acha kugeuza mayai. Sasa unyevu upande hadi asilimia 65 au 70, hata 75, kwa sababu kifaranga akishatoboa ganda, hewa kavu ikiingia kwenye tundu hilo hukausha utando na kumfunga ndani. Weka sahani pana, weka kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, funga mfuniko. Na usifungue. Hapa ndipo uvumilivu wa mwanguaji unapoonekana, maana watoto watasikia milio na watataka kuona, na wageni pia. Kila ukifungua, mvuke wote hutoka kwa sekunde chache na huchukua muda mrefu kurudi. Kati ya kutoboa na kutoka kifaranga aweza kutumia saa 12, pengine 20 na zaidi. Anamalizia kunyonya kiini na damu iliyomo kwenye mishipa ya utando. Anayemsaidia kwa kubandua ganda mapema anapasua mishipa yenye damu. Kifaranga aliyekauka anaweza kukaa humo ndani siku nzima bila kula, kiini alichonyonya kinamtosha.

Kuhusu umeme unaokatika, nitasema kifupi. Mashine ikizimika, utaona kipimaunyevu kinapanda hadi 80. Usifurahi wala usiogope: hakuna maji yaliyoongezeka, ila hewa imepoa na ule mvuke uliomo sasa unaijaza zaidi. Funika sanduku kwa blanketi bila kuziba matundu, na usiliguse. Paneli ya jua na betri vinafanya kazi njema kwa kuveze ndogo, na kwa sanduku la taa ya mafuta hakikisha taa inakaa nje na joto tu ndilo linaloingia, kwa bomba au kwa bati, kwa kuwa moto wa mafuta hutoa mvuke na hewa chafu pamoja. Makaa yasiingizwe ndani kamwe. Hewa yake inaua kifaranga ndani ya yai, na inaweza kumuua mwenye nyumba pia.

Mayai ya bata ni mtihani wa juu zaidi, na kwa Kindu, mji wa mto, nadhani mwanguaji asiyeweza bata hajakomaa. Bata wa kawaida huangua siku 28. Wale wakubwa wenye nyama nyekundu usoni, ambao wamejaa nyuani kwetu, huchukua siku 35. Ganda lao limepakwa utando wenye mafuta unaozuia maji kutoka, na yai ni zito, gramu 70 na zaidi. Hivyo kosa la maji kuzidi hapa linaua zaidi. Wengi hufungua mashine mara moja kwa siku, kuanzia wiki ya pili, mayai yapoe dakika 15 au 20, na kuyanyunyizia maji ya uvuguvugu. Tendo hilo huchukuliwa na wengi kuwa la kuongeza unyevu. Kazi yake kubwa ni kupoza: yai kubwa lenye kiinitete kilichokomaa huzalisha joto jingi, na maji yanayokauka juu ya ganda huliondoa. Maji yawe yaliyochemshwa. Ya mtoni au ya kisima yakinyunyizwa juu ya vitundu vyenye joto la nyuzi 37, umepanda vijidudu shambani.

Wapo Ulaya na Marekani wanaoangua nyumbani mayai ya chatu na ya mijusi, na kwao unyevu ni kinyume kabisa cha haya yote. Yai la nyoka lina ganda laini kama ngozi. Linakunywa maji kutoka kwenye udongo na kuvimba kadiri siku zinavyokwenda. Wao hulilaza ndani ya madini mepesi yanayoitwa vemikulaiti, wengi wakichanganya na maji kwa uzito sawa, na wakiona yai limebonyea mapema wanajua lina kiu. Chatu wa huku kwetu hujiviringisha kuyazunguka mayai yake, na mzunguko huo hupunguza maji yanayopotea. Mamba mwenye pua nyembamba wa bonde la Kongo hurundika majani na mimea kando ya maji, hutaga ndani ya rundo, na majani yakioza hutoa joto huku hewa ya ndani ikiwa karibu imejaa mvuke wote inayoweza kubeba. Yai la mamba likigeuzwa baada ya siku ya kwanza hufa, kwa kuwa kiinitete hushikamana na ganda upande wa juu. Halitakiwi kuletwa nyumbani hata hivyo. Mamba huyo amepungua, na anastahili kuachiwa rundo lake. Lakini anayeangua kuku afaidike na tofauti hii: yai la chatu likiwa na shida linabonyea na kila mtu anaona, yai la kuku haliwezi kubonyea. Shida yake imefichwa nyuma ya ganda gumu, ndiyo maana mizani na tochi si anasa.

Siku ya 22, vifaranga wakishatolewa, kazi ya hukumu inabaki kwenye mayai ambayo hayakuanguliwa. Mtu makini hayatupi, anayavunja moja moja nje ya nyumba. Yaliyo meupe ndani bila dalili ya uhai ni lawama ya jogoo, wala si ya unyevu, na yasihesabiwe. Yaliyokufa siku za mwanzo, duara la damu likionekana, mara nyingi ni ya kuhifadhiwa vibaya au ya joto. Yanayozungumzia unyevu ni ya vifaranga waliokomaa wakafia ndani. Ukivunja na maji yakachuruzika, kifaranga ni mkubwa, amevimba, shingo na kisigino vina uvimbe laini, chumba cha hewa ni chembamba, basi alizama. Ukikuta kifaranga mdogo, utando umemnata manyoya, mgumu na wa rangi ya njano au kahawia, amefungwa asiweze kusogea, basi alikaushwa. Aliyetoboa na kufia pale pale akiwa na mdomo mkavu alikaushwa siku za mwisho, hata kama uzito wa yai ulikuwa sawa siku ya 18. Mtu alifungua mfuniko. Joto nalo huiga dalili hizi, kwani mashine yenye moto kupita kiasi huangua mapema vifaranga wenye vitovu vibaya. Kutofautisha, rudi kwenye mistari ya penseli: kama chumba cha hewa kilikuwa cha kiasi na mfuniko haukufunguliwa, kosa ni la joto.

Kwa mayai yaliyothibitika kuwa na mbegu, mashine ya nyumbani inayoangua manane kati ya kumi inafanya vizuri, na kuku mwenyewe akiatamia kwa utulivu hufikia hapo au hupita. Lakini nampa alama zaidi mwenye saba kati ya kumi walioanguliwa wote ndani ya siku moja kuliko mwenye nane walioanguliwa kwa siku tatu. Kutoka pamoja ni dalili kwamba kila pembe ya mashine ilikuwa na hali moja.

Na kama hutaki kuangua, unanunua vifaranga wa siku moja sokoni au kwa jirani, mwongozo ni huo huo, ila unaanzia mwishoni. Mshike kifaranga mkononi. Manyoya yawe marefu, yamefunguka, hayajashikana kwa ute mkavu mgongoni. Tumbo liwe laini kwa kidole, si gumu wala si lililojaa maji. Miguu ing'ae, macho yawe ya duara, na ukimlaza chali ajigeuze mara moja. Kisha mpindue utazame kitovu. Kilichofungwa vizuri hukioni ila kwa kupuliza manyoya. Chenye uzi mfupi mkavu si kibaya sana. Chenye kidonda cheusi kilichovimba, mwache kapuni hata ukipunguziwa bei: ndipo vijidudu vinapoingilia, na wengi wa namna hiyo hufa ndani ya wiki ya kwanza.